Ruhusa ya Kunakili

Wakaguzi wa hakimiliki walifika kwenye duka la nakala Jumanne asubuhi, saa tatu hivi, wakati Kopi anatoboa matundu ya jalada la kitabu cha kumi na moja. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na hawakuwa na haraka. Mwanamke alisimama mlangoni akawaomba wateja waliokuwa wakisubiri vyeti vyao wapishe kidogo. Mwanamume akasogea hadi mezani, akachukua kimojawapo cha vile vitabu kumi vilivyokwisha kubanwa, akakifungua katikati, akakilinganisha na kitabu halisi kilicholala kifudifudi juu ya kioo cha mashine. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei, iwapo mwenye duka ana ruhusa ya mchapishaji.

Kopi hakuwa nayo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akitoa nakala za vitambulisho, hati za viwanja, vyeti vya ndoa na vya vifo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza ruhusa ya kitu. Jina lenyewe la Kopi alipewa na mtaa, likashika hata mama mkwe wake akawa anamwita hivyo. Alijaribu kueleza kwamba vile vitabu si vya biashara, ni vya darasa moja la watu wazima wanaosoma jioni, na kwamba walichochangia ni karatasi na wino tu. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Alifungua begi lake, akatoa fomu, akaanza kuandika.

"Mzee wangu," alisema huku kalamu ikiendelea, "aliyeandika kitabu hiki ni mwalimu mstaafu. Namfahamu, nimefika kwake. Anaishi kwa kile kidogo anachopata kitabu kikinunuliwa. Bati la nyumba yake linavuja. Hizi zako kumi na moja, yeye hapati hata senti."

Kopi alikuwa amejiandaa kumjibu mtu mkali. Huyu hakuwa mkali.

Mashine ilitolewa na wapagazi wanne, nayo ilikuwa nzito, wakaitua njiani mara mbili mbele ya maduka ya watu. Muuza viatu wa jirani akamwambia mwenzake, kwa sauti ya chini iliyosikika na kila mtu, kumbe huyu bwana ni mwizi wa vitabu. Kopi alisikia. Alijifanya anatafuta funguo mfukoni, ingawa alikuwa nazo mkononi, akafunga duka ambalo ndani yake palibaki meza, mkasi na alama nne za vumbi sakafuni.

Nyumbani aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, hakubadilisha hata shati, mpaka mkewe alipotoka kazini saa kumi.

Mkewe alikuwa mhudumu wa wodi. Miaka kumi na sita alifagia, akabadilisha mashuka, akalisha wasioweza kujilisha, akapima mkojo wa wagonjwa kwa jagi la alama, akaandika kipimo kwenye chati, akaumwaga. Wagonjwa walimwita nesi, naye hakuwasahihisha, kwa sababu mtu mwenye maumivu huna haja ya kumfundisha vyeo. Lakini mwaka ule, mbele ya ndugu wa mgonjwa waliokuja kumshukuru, muuguzi wa zamu aliwaambia bila hata kugeuka, "Huyo si nesi. Huyo anamwaga vyombo." Wiki iliyofuata mhudumu alijiandikisha darasa la jioni, asome biolojia, kemia na fizikia, afanye mtihani kama mtahiniwa wa nje, aombe chuo cha uuguzi. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Walipomcheka alijibu kwamba ng'ombe hazeeki maini.

Kitabu cha biolojia kilitaka nusu ya mshahara wake. Kilikuwepo kimoja tu darasani, cha mwalimu, na wanafunzi kumi na mmoja walikigombania kama maji ya mgao. Ndipo Kopi, bila kuombwa, akasema leteni, nitawatolea. Nakala ya mkewe ndiyo iliyotangulia. Aliitumia wiki tatu ikiwa karatasi zilizofungwa kwa uzi, akaandika pembeni kwa penseli, kisha akairudisha dukani ibanwe pamoja na za wenzake.

Kopi alimsimulia yote kwa sentensi fupi. Mhudumu alivua viatu vya kazi, akavipanga, akauliza kama walimpiga. Hawakumpiga. Akauliza kama walimtukana. Hawakumtukana.

"Basi nini kinakuuma hivyo?"

"Wangenitukana, ningekuwa na la kusema."

Binti yao alikuwa amesimama jikoni akisikiliza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza shule, anangoja kazi ambayo haijulikani ingetoka wapi, na siku nyingi alimsaidia baba yake kuhudumia wateja. Alitoka na sahani mkononi, akasema kile ambacho wazazi wote wawili walikuwa wanakizunguka.

"Baba kafungiwa duka kwa sababu mama anataka kuwa nesi."

Hakuna aliyemkaripia. Ingekuwa afadhali kumkaripia. Mhudumu alichukua sahani ile kutoka mkononi mwake, akaenda kuiosha ingawa ilikuwa safi.

*

Waliitwa ofisini kwa wakaguzi baada ya siku tisa. Mhudumu aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni la harusi za watu, akaenda na mumewe. Katika chumba kile mlikuwa na meza tatu, feni isiyozunguka, na mashine ya Kopi imesimama ukutani na karatasi ya namba imebandikwa kwenye kifuniko, kama mgonjwa aliyelazwa.

Mkaguzi aliwasomea uamuzi. Kwa kuwa ni kosa la kwanza, shauri lisingefika mahakamani. Kungekuwa na faini, na mashine ingekaa pale miezi miwili. Na nakala zote zingeharibiwa siku hiyohiyo, na mtu aliyezitengeneza, mbele ya shahidi. Akasema samahani, ndivyo kanuni zinavyotaka, akaweka ndoo kubwa ya plastiki katikati ya sakafu.

Kopi alipiga magoti kwa sababu meza zilikuwa zimejaa. Mtu asiyewahi kuchana kitabu hudhani ni kazi rahisi. Kurasa mia tatu hazichaniki kwa pamoja; alilazimika kutoa kwanza zile koili za plastiki alizozivisha mwenyewe, kisha kuchana kwa mafungu ya kurasa kumi kumi. Jasho lilimdondoka. Mlango ulikuwa wazi, na watu waliokuja kwa shughuli zao walipita wakamtazama mzee wa miaka hamsini aliyepiga magoti akichana karatasi, wakaendelea na safari.

Alipofika ya saba alikuta maandishi ya penseli. Pembeni mwa mchoro wa moyo mkewe alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa: *damu chafu inaingia huku, usichanganye tena.* Kopi alisimamisha mikono. Akamtazama mkaguzi, akamwuliza kwa upole kama hii moja, kwa kuwa ina maandishi ya mwenyewe, haingeweza kuachwa.

Mkaguzi aliichukua, akaipekua. Aliona kila ukurasa umeandikwa.

"Penseli ni ya mama," alisema mwishoni. "Ukurasa si wake."

Akairudisha. Kopi hakuipokea, mikono ilikuwa imelala magotini. Mhudumu akainuka kwenye benchi, akaja akachuchumaa kando ya mumewe na gauni lile la harusi za watu, akaipokea yeye.

"Chana, mume wangu," alisema. "Nilichokiandika nakijua."

Alitoa koili mwenyewe, akampa mafungu, naye akachana. Walimaliza pamoja zile zilizobaki.

Wakati wanatia sahihi, mkaguzi alizungumza bila kuwaangalia, kama mtu anayevunja utaratibu wa ofisi yake. Alisema vipo vitabu ambavyo wenyewe walioviandika wameruhusu vinakiliwe. Vya sayansi hasa. Vyuo vingine huwalipa wahadhiri wao waviandike, kisha huviweka mtandaoni bure kwa yeyote. Ruhusa imeandikwa humohumo ndani, kwenye kurasa za mwanzo. Mhudumu akauliza vinapatikana wapi.

"Sijui, mama. Kazi yangu mimi ni hivi vingine."

*

Kopi hakuamini. Maisha yake yote alikuwa amejifunza kwamba rahisi ni ghali, sembuse bure. Alisema njiani, na akarudia nyumbani, kwamba mtu hawezi kukaa miaka akaandika kitabu kizima halafu akakimwaga barabarani kama maganda. Lazima kuna ndoano. Na akiwa ameshachana kumi na moja, hakuwa tayari kuchana ya kumi na mbili.

Aliyeanza kutafuta ni binti. Hakumwambia mtu kwamba anaona haya kwa maneno yake ya siku ile. Alichukua tu simu yake yenye kioo kilichopasuka, akakaa karibu na mama yake baada ya chakula cha mchana, Jumapili, akaandika kwamba anatafuta kitabu cha biolojia cha bure.

Tovuti ya kwanza ilikuwa na neno *bure* sehemu tano. Walipobonyeza kupakua, ikataka namba ya kadi ya benki. Mhudumu hakuwa na kadi ya benki, na binti akasema hata angekuwa nayo asingeitoa. Ya pili ilifungua matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, moja juu ya jingine, mpaka simu ikaganda wakaizima. Ya tatu ikawaletea kitabu kweli. Mhudumu alikitambua kabla binti hajasoma jina: kilikuwa kilekile cha mwalimu, kilekile kilichochanwa, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na mtu ambaye kidole gumba chake kilionekana kwenye kona.

"Mama, kiko chote," binti alisema. "Hakuna atakayejua."

Mhudumu alikitazama kile kidole. Aliitamani ile sura ya moyo, alijua hata ilipo. Siku ya mtihani ilikuwa inakuja, na wenzake wa darasani walikuwa wameacha kumsalimia vizuri, kwa kuwa michango yao iliishia kwenye ndoo.

"Aliyekiandika, bati lake bado linavuja vilevile," alisema. "Kifunge. Yule bwana alisema vipo vyenye ruhusa."

Ndipo binti akabadilisha namna ya kutafuta. Badala ya neno bure, akaandika leseni huria, akaongeza kitabu cha kiada, akaongeza chuo kikuu. Hapo yakatoka majina tofauti kabisa. Hakukuwa na matangazo wala kadi. Kulikuwa na orodha ya masomo, biolojia, kemia, fizikia, takwimu, na kila somo na kitabu chake, chenye majina ya waandishi, na chuo kilichowalipa, na mwaka kilipopitiwa mara ya mwisho. Unaweza kukisoma palepale, au kukipakua chote, au sura moja moja. Cha biolojia kiliandikwa kwa lugha ya kigeni, ileile ya mtihani, kwa hiyo hilo halikumshtua mtu. Walipakua mpaka sura ya saba, bando likaisha. Siku zilizofuata mhudumu alikuwa akimpitia binti getini hospitalini, kwenye benchi la wanaosubiri dawa, ambako mtandao wa bure ulishika, na pale wakamalizia sura zilizobaki, moja leo, mbili kesho, kati ya watu wanaokohoa.

Ukurasa wa ruhusa ulikuwa wa pili. Kopi alitaka asomewe neno kwa neno. Binti akasoma na kufasiri: unaruhusiwa kunakili, kusambaza, kubadilisha, hata kuuza, ili mradi utaje waliokiandika na useme umebadilisha nini.

"Rudia hapo mwanzo."

"Kunakili."

"Wameandika hivyo, kunakili?"

"Baba, hili hapa."

Kopi aliiweka simu karibu na macho. Hakuijua ile lugha, lakini neno aliloonyeshwa alilifahamu, kwa kuwa ndilo lililokuwa jina lake. Akauliza waandishi wenyewe wanakula nini. Binti akamsomea dibaji, palipoelezwa kwamba waandishi walikwisha kulipwa mishahara na mfuko wa chuo kwa kazi hiyo, ili msomaji asilipe. Kopi akatikisa kichwa polepole. Alisema yule mwalimu mstaafu naye angepata wa kumlipa namna hiyo, angeezeka nyumba yake na vitabu vyake watu wangenakili kwa raha. Kisha akasema hata hivyo hagusi chochote mpaka mkaguzi aone.

Akaenda kweli, siku mashine ilipokuwa inatoka kifungoni. Alikuwa ameuandika ule ukurasa wa pili kwa mkono, herufi kwa herufi, kwa sababu duka pekee la nakala la mjini lilikuwa lake na halikuwa na mashine. Mkaguzi alisoma, akaingia mtandaoni mwenyewe, akalinganisha, akasema ni sawa, hiki hakihitaji muhuri wangu wala wa mtu. Kopi akamwomba atie tu. Mkaguzi akamtazama, akafungua droo, akagonga muhuri kwenye ile karatasi ya mkono, akatia na tarehe.

*

Wanafunzi wa jioni walipata vitabu vyao wiki ileile, na safari hii Kopi alikataa mchango. Vilitoka vyeusi na vyeupe, maana wino wa rangi haukuwezekana, kwa hiyo mishipa ya kupeleka damu na ya kurudisha ilifanana, yote ya kijivu. Mhudumu alinunua penseli mbili, nyekundu na ya buluu, akaipaka rangi yake mmoja mmoja. Wenzake walipoona wakaziazima.

Sasa alikuwa na kitabu, na hakuwa tena na kisingizio. Alisoma wakati wa mapumziko ya mchana kwenye stoo ya mashuka. Alisoma akingojea uji upoe. Mambo mengi aliyoyafanya kwa mikono miaka kumi na sita yalianza kupata sababu: kwa nini mgonjwa aliyetapika usiku kucha hutoa mkojo kidogo wenye rangi ya chai, kwa nini wazee hupewa maji hata wasipoyaomba. Na ni hapo, sura ya figo, alipokuta kitu ambacho hakikuingia akilini.

Kitabu kilisema mtu mzima mwenye afya hutoa mkojo lita kumi na tano kwa siku.

Alidhani hajui kusoma. Akamwita binti asome. Ilikuwa kumi na tano. Alhamisi akanyoosha mkono darasani, akasema anadhani pana kosa. Mwalimu wa jioni alikuwa mtu mwema na aliyechoka. Alieleza kwamba figo huchuja lita mia na themanini za maji ya damu kwa siku, hivyo kumi na tano si ajabu, na kwamba kitabu kimeandikwa na madaktari wa falsafa saba. Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye alisoma naye dawati la nyuma na mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote kwenye zile nakala zilizochanwa, akageuka.

"Shemeji, darasa limejaa madaktari leo," alisema. "Kitabu chenyewe tumepewa bure, na bado tunakikosoa."

Watu wakacheka. Mhudumu alikaa. Kwa muda aliona afadhali angeendelea kumwaga vyombo. Lakini vyombo ndivyo vilivyokuwa vimemwambia. Lita kumi na tano ni ndoo nzima ya maji. Katika miaka kumi na sita alikuwa hajawahi kumwaga ndoo nzima ya mtu mmoja kwa siku; hiyo ingekuwa kumwaga bahari.

Kwa siku saba alifanya hesabu. Hakuandika jina la mgonjwa, aliandika tu vipimo: wagonjwa waliokuwa wanakaribia kuruhusiwa, wanaokula na kunywa kama kawaida. Lita moja na robo. Lita moja na nusu. Lita moja na nusu kasoro. Mmoja aliyependa maji sana, lita mbili. Alimwonyesha binti, naye binti akaona mara moja kilichotokea: nukta ilianguka. Moja nukta tano ikawa kumi na tano.

Mwishoni mwa kitabu palikuwa na anwani ya kupeleka makosa. Kopi aliposikia wanataka kuwaandikia, alikosa raha. Alisema msiwachokoze watu hawa. Wametupa ruhusa, sisi tunawarudishia lawama. Kesho wakasirike waifute, na mimi nina vitabu kumi na moja mitaani vyenye chapa ya mashine yangu.

"Wameomba wenyewe," mhudumu alisema.

"Watu huomba mengi kwa adabu."

Mhudumu alifikiri juu ya hilo mpaka kesho yake. Alijua mumewe hasemi kwa ubishi. Tangu siku ya ndoo, kila gari lililosimama mbele ya duka lilimfanya aache alichokishika. Asubuhi akamwambia kwamba katika darasa lile wako watu watakaokuwa wauguzi kweli. Mmoja wao akiamini lita kumi na tano, atamwona mgonjwa aliyetoa moja na nusu akadhani anakufa, amjaze maji ya mshipa mpaka mapafu yaelee.

Kopi akavaa kofia yake ya kazi. "Andikeni," alisema. "Lakini muwashukuru kwanza."

Waliandika barua fupi. Walishukuru kwanza. Binti alitaka kuandika kwamba mama yake ni muuguzi, ili barua ipate uzito. Mhudumu akamwambia afute. Akamtamkia mwenyewe neno la kuweka: mimi ni mhudumu wa wodi, kazi yangu ni kupima na kumwaga mkojo wa wagonjwa, na haya ndiyo niliyoyapima.

*

Jibu lilikuja siku ya kumi na mbili, wakati mhudumu amesimama kwenye foleni dukani akinunua dawa ya mbu. Binti alimpigia simu, akashindwa kusema, akamwambia aje tu nyumbani.

Lilitoka kwa mmoja wa wale waandishi saba. Alisema ameona aibu na amefurahi. Kosa hilo lilikuwepo tangu kitabu kilipopitiwa mara ya mwisho, mwaka mmoja na nusu uliopita, na maelfu ya watu walikuwa wamelipita. Alisema vipimo vya mhudumu ni vizuri, na akauliza kama yuko tayari jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliosahihisha. Kwenye tovuti ukurasa ulikwisha kubadilishwa: 1.5. Chini kabisa, baada ya maprofesa wa vyuo ambavyo mhudumu hakujua viko nchi gani, paliachwa nafasi ya mstari mmoja.

Mhudumu alisoma mara mbili, mara ya pili kwa kidole. Hakulia, ingawa binti alikuwa analia kwa niaba ya wote. Aliuliza tu kama majina yawe mawili au matatu. Wakaweka matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Kopi alipokea habari akiwa dukani. Binti alitegemea atasema ukurasa ule wa majina utundikwe ukutani, muuza viatu auone. Badala yake alikaa juu ya rimu la karatasi, akahesabu kitu kwa vidole.

"Vile kumi na moja vina kosa," alisema. "Nimevichapa mimi. Kosa ni langu pia."

Akachapa ukurasa mpya, nakala kumi na moja, na Jumamosi yeye na mkewe wakazunguka kwa miguu kwa wenye vitabu. Kila mahali Kopi alikaa chini, akafungua koili taratibu, akatoa karatasi ya zamani, akaingiza mpya, akafunga. Wengi hawakuelewa kwa nini mtu atembee jua lote lile kwa ajili ya nukta. Mwalimu wa jioni alielewa. Alimwuliza mhudumu alijuaje, akamwachia kiti chake, akasimama yeye akisikiliza.

Dereva walimkuta hospitalini akiosha gari. Alifuta mikono, akausoma ukurasa, akausoma tena.

"Kwa hiyo wameandika kwamba umesema kweli," dereva alisema.

"Wameandika moja na nusu."

Alicheka kidogo, si kicheko cha siku ile, akampa Kopi kitabu chake akibadilishe. Wakati Kopi anahangaika na koili, dereva akamwuliza mhudumu, akiangalia ndoo yake ya povu, kama angeweza kumwelekeza ile sura ya figo, maana tangu mwanzo hakuwa ameielewa. Walikaa kwenye ngazi ya gari la wagonjwa, akamwelekeza.

Matokeo ya mtihani yalitoka baada ya miezi minne. Biolojia, mhudumu alifaulu vizuri kuliko yeyote wa darasa lile. Kemia aliponea chupuchupu. Fizikia alianguka, na chuo cha uuguzi hakimchukui mtu aliyeanguka fizikia. Muuguzi wa zamu alipata habari kabla ya chai, na wodi nzima ikajua. Mhudumu alimaliza zamu yake, akapima, akaandika, akamwaga, kisha badala ya kwenda nyumbani akapita dukani.

Kopi alikuwa anafunga. Alimwona usoni. Alimsogezea kiti cha wateja.

"Fizikia," mhudumu alisema. "Mtihani mwingine ni mwakani."

"Na kitabu cha fizikia kipo kulekule?"

"Kipo. Binti keshakipakua. Kurasa mia nane."

Kopi akafungua kifuniko cha mashine, akatazama ndani, akakifunga.

"Wino uliobaki unatosha mia sita," alisema.

Mhudumu alivua viatu vya kazi, akaviweka chini ya meza, akavuta rimu la karatasi karibu yake.

"Basi tuanze na hizo mia sita."